Gari linakula mafuta kuliko zamani? Kagua matairi na breki kabla ya kufungua injini

Mwenye gari akifika gereji na kusema, "Fundi, siku hizi linakula mafuta," jibu huwa tayari: "Hizo plagi, bosi." Plagi zinabadilishwa, nozeli zinasafishwa, oksijeni sensa inanunuliwa, na wiki inayofuata mshale wa mafuta unashuka kwa kasi ileile. Injini hulaumiwa kwanza kwa sababu ndiyo inayokunywa. Lakini injini hunywa kulingana na kazi inayopewa, na sehemu ya kazi hiyo ni kushinda kila kinachozuia gari kuviringika: mpira wa tairi unaojikunja, breki isiyoachia, magurudumu yasiyotazama mbele, beringi iliyochoka. Vyote hivyo viko chini na vinakaguliwa kwa jeki, geji na mkono.

Maelezo haya yanahusu magari madogo na ya kati ya petroli, hasa yale yaliyotumika Japani yanayojaa barabara zetu. Jambo moja la kushika tangu mwanzo: ukubwa wa hasara ndio unaokuelekeza pa kutazama. Gari lililokuwa likienda kilomita 14 kwa lita na sasa linakwenda 13.7 lina tatizo tofauti kabisa na lile lililoshuka hadi 11.

Je, kweli linakula?

Anayenunua mafuta kwa shilingi hana kipimo. "Weka ya elfu ishirini" ya mwezi huu si lita zilezile za mwezi uliopita, maana bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, hubadilika kila mwezi. Mshale wa dashibodi nao hauaminiki. Matenki mengi yana umbo ambalo nusu ya kwanza hushuka polepole na ya pili ikaporomoka.

Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, basi, usiongeze hata tone. Rudisha tripu, kihesabio cha kilomita za safari, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka uwe umetumia angalau nusu tenki, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Rudia kwa tenki mbili au tatu kabla ya kuamini namba, kwa sababu wiki nzima ya foleni ya Mbagala haiwezi kulinganishwa na safari ya Morogoro na kurudi.

Tairi linaweza kula kiasi gani?

Hapa kuna hesabu ndogo inayookoa pesa. Gari la kilo 1,100 pamoja na dereva, likiwa kwenye lami nzuri na matairi ya kawaida, huzuiwa na matairi yake kwa nguvu ya takriban newtoni 108, yaani kama asilimia moja ya uzito wake. Kwa kilomita 100 nguvu hiyo inakula nishati ya megajuli 10.8. Lita ya petroli ina takriban megajuli 32, lakini injini hufikisha kwenye magurudumu kama robo tu. Inayobaki ni joto la rejeta na ekzosi. Kwa hiyo, matairi peke yake hunywa kama lita 1.3 kila kilomita 100. Kwa gari linalotumia lita 7 kwa umbali huo, hiyo ni karibu sehemu moja ya tano.

Nishati hiyo hupotelea ndani ya mpira wenyewe. Kila sehemu ya tairi inapofika chini hubonyea, ikiondoka hunyooka, na mpira haurudishi nguvu yote uliyopewa. Nyingine hugeuka joto. Ndiyo maana tairi huwa la moto baada ya safari hata kama hujagusa breki. Upepo ukiwa mdogo tairi hubonyea zaidi, na ukinzani, yaani nguvu ya tairi kuzuia gari kuviringika, unapanda.

Ukipandisha ukinzani wa matairi kwa asilimia 10, ulaji wa mafuta hupanda kwa asilimia 1 hadi 2 tu. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI moja (kipimo cha presha ya upepo) inayopungua katika matairi yote manne hupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 0.2. Matairi yote yakipungua PSI 5, umepoteza asilimia moja. Ni pesa ukijumlisha mwaka mzima, hasa kwa dereva wa teksi mtandao, lakini hakuna upepo mdogo wa kawaida unaoweza kukutoa kilomita 14 hadi 11. Ukiona kishindo cha namna hiyo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya breki.

Dalili: ulaji umepanda polepole, usukani umekuwa mzito, gari linajivuta

Huu ni upepo, mara nyingi. Tairi zima hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi bila pancha yoyote, na tairi la kisasa lisilo na mpira wa ndani linaweza kupungua PSI 8 bila macho kuona tofauti. Kulipiga teke hakusaidii.

Namba sahihi haipo kichwani mwa fundi tairi. Imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye magari ya Japani karatasi hiyo ina maandishi ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 220 kPa, au 2.2 pembeni yake. Kila kPa 100 ni PSI 14.5, kwa hiyo 220 ni PSI 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Zikiwa namba mbili, kubwa ni ya gari lenye mzigo. Usichukue namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kuhimili, haina habari ya gari lako.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala. Hili watu wengi wanalikosea, na kosa lenyewe lina hesabu yake. Umetoka Kibaha saa saba mchana, umefika Ubungo, geji inasoma 36 wakati karatasi inasema 32. Fundi anakupunguzia mpaka 32, unamshukuru. Kesho alfajiri matairi yamepoa na yamebaki na 28. Joto la safari hupandisha presha kiasi hicho kwa kawaida, na hupaswi kuutoa upepo huo. Kama huna budi kupima tairi la moto, ongeza kilichopungua lakini usipunguze chochote, kisha urudie kesho likiwa baridi.

Nunua geji yako. Geji za vibandani huanguka kwenye zege kila siku, na mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana PSI 4 kwa tairi lilelile.

Likiwa tairi moja tu ndilo linaloshuka kila baada ya siku chache, paka maji ya sabuni kwenye vali, kwenye kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara), na pembeni ambapo mpira unakutana na rimu. Povu litakuonyesha. Kwenye rimu za aluminiamu za zamani, chanzo mara nyingi ni kutu nyeupe ukingoni: tairi litolewe, ukingo usuguliwe, lirudishwe.

Kuhusu naitrojeni inayouzwa kwa bei ya juu: hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Naitrojeni tupu inavuja polepole kidogo, basi. Mafuta hayaokolewi na gesi, yanaokolewa na presha sahihi. Na wale wanaojaza mpaka 45 ili gari liteleze, faida wanayoipata kwenye mafuta ni ndogo. Wanailipa kwa tairi linaloliwa katikati, breki ndefu kwenye mvua, na mtikisiko mkali kwenye kila shimo.

Dalili: ulaji umepanda ghafla, gari halitelezi, kuna harufu ya kuungua au rimu moja ni ya moto

Breki inang'ang'ania. Kwa maoni yangu huyu ndiye mwizi mkubwa asiyetafutwa, kwa sababu gari bado linasimama vizuri na hakuna taa inayowaka.

Tazama ukubwa wake. Breki moja ikishika kwa newtoni 100 tu, kiasi ambacho mguu wako kwenye pedali ya mafuta hauwezi kukihisi, imekaribia kuongeza maradufu ukinzani wa matairi yote manne. Lita 1.3 nyingine kila kilomita 100. Lililokuwa likienda kilomita 14 kwa lita sasa linakwenda 12. Na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, newtoni hizo 100 zinazalisha joto la kilowati 2.2, kana kwamba birika la umeme linachemka ndani ya rimu bila kuzimwa.

Jaribio la kwanza halina gharama. Gari likiwa sehemu tambarare ya zege au lami, gia ikiwa nyutro, mtu mzima mmoja anaweza kulisukuma gari dogo. Kwa otomatiki, weka D na uachie breki: linapaswa kujongea lenyewe. Likikaa kimya mpaka uguse mafuta, shuku breki. Usijaribu kuteleza barabarani huku umezima injini. Usukani na nguvu ya breki vinaweza kukutoroka.

Jaribio la pili ni joto. Endesha kama dakika 20 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Za mbele huwa na joto kuliko za nyuma, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni tofauti ya kushoto na kulia. Upande mmoja ukikuchoma kwa mbali na mwenzake ni vuguvugu, umempata.

Sasa jeki. Weka mawe nyuma ya magurudumu mengine, gari likae juu ya stendi na si jeki peke yake. Zungusha gurudumu kwa mkono. Msuguano mdogo wa pedi kwenye diski unasikika kwa breki zote za diski na si tatizo, ilimradi gurudumu linaendelea kuzunguka kidogo baada ya kuliachia. Mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu mara tatu, aachie, uzungushe tena. Likiwa limekaza, fungua kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski:

- Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imefungiwa. Ni gurudumu moja? Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umevimba ndani: unapitisha mafuta ukikanyaga, lakini hauyarudishi. Nje unaweza kuonekana mzima kabisa. Ni magurudumu mawili au zaidi? Tazama masta silinda, pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali.
- Gurudumu likibaki limekaza hata baada ya kufungua nati, tatizo ni la chuma: pistoni ya kalipa imeshika kutu, au pini za kalipa hazitelezi.

Pini ndizo ninazoanza nazo daima. Kalipa nyingi hukaa juu ya pini mbili zilizofunikwa na vimpira vidogo. Kimpira kikichanika, vumbi na maji huingia, grisi hukauka ikawa kama utomvu, na pini iliyopaswa kutoka kwa vidole viwili inatolewa kwa nyundo, ikiwa na rangi ya kahawia badala ya kung'aa. Kabla hata ya kuitoa, pedi zenyewe zimeshasema: moja imebaki nyembamba kama kadi ya benki na mwenzake bado ni nene. Pini husafishwa mpaka chuma kionekane, hupakwa grisi ya silikoni ya breki, na kimpira kinabadilishwa. Grisi ya kawaida ya beringi hapana. Huvimbisha mpira, na baada ya miezi michache pini itakwama tena. Kazi yote haifikii bei ya sensa moja.

Kwa breki za nyuma za drami, angalia hendibreki. Waya wake hushika kutu ndani ya ala, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari, na mkono wa ndani haurudi hadi mwisho hata kama dashibodi imezima taa. Vilevile fundi aliyebadilisha viatu vya breki juzi huenda amevikaza mno ili pedali iwe juu. Pedali ya juu inapendeza, lakini gurudumu likizungushwa kwa mkono linatakiwa lizunguke.

Na magurudumu yote manne yakiwa ya moto kwa pamoja, uliza nani aliongeza mafuta ya breki mara ya mwisho, na aliongeza nini. Oili ya injini au hydroliki ikiingia humo huvimbisha mipira yote ya mfumo. Hapo usiendelee kuliendesha.

Dalili: tairi linaliwa upande mmoja, usukani umekaa kombo, gari linavuta kushoto au kulia

Alaimenti. Magurudumu mawili yasipotazama upande mmoja, kila moja linaviringika huku likiburuzwa ubavu kidogo. Mburuzo huo unakula mafuta, na unakula mpira haraka zaidi. Ukipiga hesabu, hasara ya tairi lililokufa kabla ya wakati mara nyingi huzidi ile ya petroli.

Jipime kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha ndani kwenda nje, taratibu, maana nyaya zilizochomoza hukata. Ukihisi laini upande mmoja na makali kama msumeno upande wa pili, magurudumu yamefunguka au yamefunga mbele. Likiliwa bega moja tu bila makali, gurudumu limelala. Mabega yote mawili, upepo ulikuwa mdogo. Katikati, ulizidi. Mabonde mabonde, shokapu.

Kabla ya kulipia alaimenti, hakikisha tairodi, boljointi na bushi, yaani viungo vinavyoshika magurudumu, ni nzima. Mashine itarekebisha vizuri kabisa gari lenye bushi iliyokufa, upewe karatasi yenye namba za kijani, na shimo la kwanza likairudisha kombo. Fundi asiyetikisa magurudumu kwanza, usimpe pesa yako.

Dalili: umeweka matairi mapya na ulaji umepanda

Huyu mteja huja na hasira, na ana haki, lakini sehemu ya hasara yake haipo.

Tairi jipya lina kashata nene, na mpira mwingi unaojikunja unamaanisha ukinzani zaidi. Tairi linaloelekea kuwa kipara huviringika kwa wepesi. Hiyo si sababu ya kubaki na vipara, maana kwenye lami yenye maji ndivyo vinavyoua. Pamoja na hilo, tairi jipya ni kubwa kidogo. Kashata ya milimita 8 dhidi ya 2 iliyobaki kwenye la zamani inaongeza kipenyo kwa milimita 12, karibu asilimia 2. Tripu huhesabu mizunguko ya gurudumu na haijui kipenyo kimebadilika, kwa hiyo inasoma kilomita 98 ulipokwenda 100. Lita ni zilezile, kilomita zimepungua kwenye karatasi tu.

Ukibadili saizi, kosa hilo linakua. Kutoka 185/65R15 kwenda 195/65R15 kipenyo hupanda kutoka milimita 621.5 hadi 634.5, asilimia 2 nyingine, na hapo tairi lenyewe ni pana zaidi na zito zaidi. Rimu kubwa za urembo zina hasara ya kweli mjini: uzito wake unazungushwa na kusimamishwa kila kwenye taa. Ukizipenda, zipende ukijua.

Kwa anayenunua tairi la mtumba kutoka Japani, chama cha watengenezaji matairi cha huko kimekuwa kikitoa alama ya ukinzani tangu 2010, kuanzia AAA kwa lililo jepesi kuviringika hadi C. Ulaya kuna lebo yenye herufi A hadi E. Lakini kwa mtumba, mwaka ni muhimu kuliko herufi. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokauka na kupasuka nyufa nyembamba ubavuni uachie muuzaji.

Dalili: mvumo unaopanda na mwendo

Mvumo ukibadilika unapokata kona, ukizidi ukienda kulia na kupungua kushoto, au kinyume chake, ni beringi ya gurudumu. Mchango wake kwenye mafuta ni mdogo mpaka iwe imeharibika vibaya, lakini usiisubiri ifike huko: gurudumu linaweza kutoka. Mvumo usiobadilika kwenye kona mara nyingi ni tairi lililoliwa mabonde.

Chini kote hakuna tatizo, bado linakula

Uliza barabara kabla ya gari. Umehamia mtaa wa barabara ya vumbi? Changarawe inaweza kuongeza ukinzani maradufu kulinganisha na lami nzuri, na mchanga mwingi mara kumi au zaidi. Keria tupu juu ya paa, mzigo wa biashara unaoishi kwenye buti, mwendo wa 120 badala ya 90 kwenda Chalinze: nguvu ya upepo wa mbele hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na ukifika kilomita 80 kwa saa huwa imeshayazidi matairi.

Baada ya kurekebisha ulichokikuta, rudi sheli ileile, jaza mpaka ijikate, upime tenki mbili nyingine kwa njia zilezile unazopita kila siku. Namba isipopanda, wakati huo mpeleke fundi wa kompyuta, umpe na karatasi yako ya vipimo, ili asianze na plagi.